Tundu Nyuma ya Ungo

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, nimeshaitikia kabla hamjaniamkia, maana nikianza kupokea salamu moja moja, mchungaji atasema dakika zangu zimekwisha. Amenipa kumi. Yeye anajua zitazidi na mimi najua zitazidi, basi tusameheane mapema.

Mnanifahamu. Mimi ni yule mjane wa nyumba iliyo juu ya kisima, ninayekaa benchi la mwisho kabisa upande wa mlangoni. Benchi lile sikulichagua, na leo mtasikia nililifikiaje. Kiswahili changu pia mnakijua, nusu yake ni Kinyambo, kwa hiyo nikiteleza msicheke, au chekeni kidogo tu. Sitamtaja mtu jina. Atakayejiona ndani ya maneno haya, na atulie kimya kama nilivyotulia mimi miaka yote.

Nilizaliwa Kibingo, nikaolewa hapa Kituntu. Mume wangu alirudi salama kutoka vitani, tukamshukuru Mungu, halafu homa ya siku nne ikamchukua akiwa kitandani kwake mwenyewe. Akaniachia mtoto mmoja wa kiume, kibanja cha migomba na buni, na jembe. Nilililima lile shamba kama mwanamume. Mwanangu akakua, akaoa, akaniletea mkwe, tukaishi watatu uwanja mmoja, jiko moja. Hiyo ndiyo miaka ya kukosa sabuni na chumvi madukani, wa umri wangu mnaikumbuka.

Ugonjwa ulianzia machoni. Nikiamka kope zimevimba, jirani ananiuliza kama nililia. Mchana macho yanapungua, miguu inaanza. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki pale pale linanitazama. Halafu likaja tumbo. Mwanangu akanipandisha kwenye keria ya baiskeli, akanisukuma hadi hospitali, na kwenye kila mlima nateremka natembea, nimeshika tandiko nisianguke.

Kule walichukua mkojo wangu wakauchemsha kwenye kijichupa juu ya taa ya spiriti. Ukageuka mweupe kama ute wa yai lililochemshwa. Daktari akaniambia figo zangu zinavujisha, na kwamba huu si ugonjwa wa kupona, ni wa kutunza. Akanipa vidonge vya kukojoza, akaniambia niache chumvi. Nikacheka, ndugu zangu. Chumvi yenyewe ilikuwa na miezi mitatu haijaingia nyumbani mwangu.

Basi nikaishi hivyo, navimba, nanywea, navimba tena. Tumbo halikurudi sawasawa hata siku moja. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, na ndipo damu ikaanza kuniishia. Kutoka kisimani hadi nyumbani kwangu ni mwendo mfupi, mnapajua, lakini nilipumzika mara tano na ndoo kichwani. Moyo unapiga masikioni. Viganja vikawa vyeupe, nikiwa nakata mkungu mkwe wangu ananiambia, mama kaa chini, na mimi kwa kiburi changu sikai. Nikirudi kliniki daktari anavuta kope la chini, anatikisa kichwa. Alisema figo zikiugua hupunguza damu, ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Na hakudanganya. Ni kweli zinapunguza. Mimi nikalichukua neno lile nikalifunga kwenye pindo la kanga, nikajiambia basi, nakufa polepole, hakuna la kutafuta.

Sasa nakuja mahali ambapo sijawahi kupasema mbele ya watu.

Jiko langu ni la fito na udongo. Mvua ya kwanza ya vuli ilipodondoka mwaka ule, paa likavuja, ukuta ukalowa, na harufu ikatoka. Nilikuwa namenya ndizi. Nikaacha kisu, nikasimama pale pua yangu ikigusa ukuta. Mate yalijaa mdomoni. Nikabandua kipande kidogo, mfano wa punje ya harage, nikala. Nawaambieni, nyama ya sikukuu haijawahi kuniingia hivyo. Kesho yake nikabandua kingine. Baada ya mwezi pale ukutani palikuwa na tundu la kuingia ngumi, na baada ya miezi mitatu la kuingia kichwa cha mtoto. Nikachukua ungo wangu nikautundika juu yake. Nikimaliza kupepeta nautundika pale pale, hakuna atakayeuliza, ungo hutundikwa jikoni.

Akina mama naona mnainama. Inameni tu. Mnajua kwa nini nililificha tundu lile. Kwetu hapa udongo huliwa na mwenye mimba. Msichana akionekana anatafuna udongo wa kichuguu, wanawake wanatazamana, na mama yake anaanza kuhesabu siku. Sasa mimi ni mjane, mwaka wa sita tangu nimzike mume, tumbo limevimba kwa maji ya figo, halafu nionekane nakula udongo! Ningeeleza nini? Nikaona heri nife na figo zangu nikiwa na jina langu.

Mwezi wa nne nikalazwa. Kitanda cha pembeni yangu alikuwa mwanamke wa Igurwa. Alikuwa mdogo kwangu, hajafika miaka thelathini na mitano, ana watoto wanne. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa figo, uvimbe ule ule, na weupe wa viganja kunishinda. Mume wake alikuwa mwema, nisimsingizie. Alikuja kila siku na chakula kwenye bakuli, akakaa kwenye kigoda miguuni pa mkewe mpaka wamfukuze.

Siku moja mvua ikanyesha. Tukajikuta wote wawili tumeshuka vitandani, tuko dirishani, tunavuta hewa. Nikamtazama, akanitazama. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kibonge cha udongo wa kichuguu, akakivunja katikati, akanipa nusu. Tukala tukiwa tumesimama, tumegeukia nje, mdomo unasaga taratibu ili muuguzi asisikie. Tangu hapo tukawa marafiki kuliko ndugu. Yeye alikuwa na huo wa kichuguu, ulio laini. Mimi nilimwahidi wa ukuta wangu, nikamsifia kabisa, kama mtu anayesifia mkungu wa ndizi zake.

Asubuhi moja daktari akapita, akasimama kati ya vitanda vyetu na karatasi zake mkononi. Akamuuliza yule mwenzangu kama anakula udongo. Mume wake alikuwepo, ameinua kichwa. Mwenzangu akasema hapana. Daktari akanigeukia mimi, swali lile lile. Na mwanangu alikuwa pale, amesimama na chupa ya uji. Nikasema mimi ni mtu mzima, daktari, udongo niule wa nini. Watu wakacheka. Daktari akaandika. Ndugu zangu, kati yetu kulikuwa na fundo la kanga lenye udongo chini ya mto wa mgonjwa, na mimi nilitazama dari.

Tukaruhusiwa kutoka wiki ile ile moja. Yeye akaenda kwao, mimi kwetu. Tuliagana kwa kucheka, akaniambia nisisahau wa ukuta.

Nyumbani mambo yakaharibika. Mkwe wangu alikuwa anasafisha jiko kwa ajili ya wageni, akauondoa ungo. Nilikuwa nje naanika maharage, nikasikia kimya. Mnajua kile kimya cha mtu aliyeona kitu. Nikaingia. Alikuwa amesimama na ungo mikononi, anatazama tundu, halafu akatazama tumbo langu. Hakuuliza. Na mimi, mjinga mimi, sikueleza. Nilimpokonya ungo nikautundika.

Alimwambia mumewe, ana haki, ni mumewe. Mumewe akamwambia baba yake mdogo. Baada ya hapo sijui nani alimwambia nani, ila najua Jumapili ya tatu mzee mmoja wa kanisa alikuja kwangu, akakataa kukaa, akazungumza kwa upole, akasema ingefaa nisikaribie meza ya Bwana mpaka jambo langu liwe wazi. Nikamuuliza jambo gani. Akatazama chini. Nikamwambia ni figo. Akasema, sawa mama, figo. Basi nikahamia benchi la mlangoni. Miezi ikapita, wa tisa ukapita, mtoto hakuzaliwa. Mnadhani walisema, loo, tulimwonea? Walisema ametoa.

Mwanangu hakula chakula nilichokigusa kwa muda wa mvua nzima. Hilo ndilo lililoniuma. Tundu langu likazidi kukua, maana hasira nayo nilikuwa naitafuna humo humo.

Nilianguka wakati wa kuchuma buni. Nilikuwa chini ya mti, kikapu kiunoni, nikaona giza mchana. Nilipoamka nilikuwa juu ya machela, wanaume wanne wananipandisha mlima, na mkwe wangu anatembea pembeni amenishika mkono, analia kimya kimya. Sikujua kama analia kwa huruma au kwa aibu. Sijamuuliza mpaka leo.

Hospitali walizungumza habari ya kuongezewa damu. Mnakumbuka miaka ile tulivyokuwa tunazika, Ukimwi umeingia kila ukoo, mtu akisikia damu ya mtu mwingine anatetemeka. Mwanangu akatoa mkono wake wapime, ikaonekana hailingani na yangu. Daktari akasema kabla hatujakwenda huko, vipimo virudiwe vyote, hata vile vidogo. Mkojo, damu, choo. Mkwe wangu ndiye aliyekipeleka choo changu maabara, ndani ya kiboksi cha kiberiti, amekifunika na jani la mgomba. Nilimwonea huruma.

Haukupita muda nikaitwa maabara kwenyewe. Nikabebwa kwa kiti.

Maabara ile ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Umeme hakuna, hadubini ilikuwa imewekwa dirishani, inakamata jua kwa kioo kidogo. Mtu wa pale alikuwa mzee wa Kinyambo, amebakiza kidogo astaafu, koti lake jeupe limekuwa la rangi ya chai. Nikamwamkia. Akamwomba mwanangu na mkwe wangu wakanisubiri nje, akaufunga mlango. Kisha akavuta kigoda akakaa chini kuliko mimi.

Akanichoma kidole, akadondosha tone kwenye kipande cha karatasi inayonyonya. Akangoja kidogo, halafu akaisogeza karibu na kijitabu chenye michoro ya rangi nyekundu, kuanzia iliyopauka mpaka iliyokolea. Damu yangu ilisimama kwenye rangi ya pili kutoka chini. Akachukua kidole kingine, akaniwekea tone la maji juu ya ukucha. Ukucha wa mtu mzima mwenye afya umebinuka, tone hudondoka. Langu lilikaa pale, limetulia kama maji kwenye kijiko. Akalitazama. Halafu akaanza kunisemesha Kinyambo, sauti ya chini. Aliniambia kwamba katika choo changu ameona mayai ya safura, na ameona kitu kingine. Ameona mchanga.

Akaniuliza kama nakula udongo. Nikasema hapana. Nilisema hapana, ndugu zangu, na mchanga wangu uko kwenye kioo chake! Nikasema labda mboga hazikuoshwa vizuri.

Hakubishana. Alifuta mikono, akasema neno ambalo nitazikwa nalo. Akasema, "Mama waitu, mama yetu, chumba hiki hakipimi mimba. Kinapima damu."

Nililia. Nililia mpaka kiti kikalia. Nikamweleza yote, ukuta, ungo, benchi la mlangoni, mwanangu asiyekula chakula changu. Alinisikiliza kama mtu anayepokea dawa, hakunikatiza. Nilipomaliza akaniambia niangalie kwenye hadubini. Mimi sikusoma, sikujua cha kuangalia. Akanionyesha kioo cha damu ya mtu mwingine kwanza, chembe zimejaa, nyekundu. Kisha yangu. Chembe zangu zilikuwa ndogo ndogo, katikati tupu, zimebaki pete nyembamba.

Akanieleza, nami nawaeleza ninyi kama alivyosema. Figo mbovu hupunguza damu, hilo halina ubishi. Lakini mwenye figo mbovu anaweza pia kukosa chuma mwilini kama mtu mwingine yeyote, akinyonywa na safura kwa kutembea pekupeku kibanjani, na udongo nao ukimzidishia shida tumboni. Na kwa mgonjwa wa figo hakuna anayekitafuta chuma, kwa sababu figo zimeshabeba lawama zote. Damu iliyopungua kwa figo peke yake, akasema, mara nyingi chembe zake hubaki na ukubwa wake. Zangu zimesinyaa. Ukucha wangu umebonyea. Na nina hamu ya udongo, ambayo si tamaa ya uchafu wala si mimba, ni mwili unaodai kitu. Kule kwenye mji mkubwa kuna mashine za kupima chuma chenyewe, yeye hana. Alichokuwa nacho ni karatasi, tone la maji, dirisha lenye jua, kiberiti cha choo, na swali. Akasema swali ndilo rahisi kuliko vyote, na ndilo linalokosewa kuliko vyote, kwa sababu linaulizwa mbele za watu.

Akasema watanipa dawa ya safura na vidonge vya chuma, na baada ya wiki nne ataitazama karatasi tena. Rangi ikipanda, ilikuwa chuma. Isipopanda, basi ni figo tu, na watajua wamefika mwisho wa uwezo wao. Hakuniahidi kitu. Ndiyo maana nilimwamini.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenzangu. Nilimshika mkono yule mzee, nikamwambia yupo mwanamke wa Igurwa, alilala kitanda cha pembeni yangu, alisema hapana na mimi nikasema hapana, na wote wawili tulikuwa tunakula. Akasimama pale pale. Akafungua mlango, akamwita mwanangu, akamwandikia karatasi, akamwambia apande baiskeli akamlete huyo mwanamke hata kama ni kwa machela.

Mwanangu alirudi jioni, jua bado lipo. Baiskeli anaisukuma, hakuipanda. Nilimwona kutoka dirishani nikajua. Akakaa pembeni ya kitanda changu, akasema, "Mama, amezikwa. Leo siku ya tisa."

Nilimuuliza yule mzee kama vidonge vingemwokoa. Angeweza kunidanganya. Alisema hajui, figo zake zilikuwa mbaya kuliko zangu. Ila alisema chuma hatukukitafuta kwake. Alisema hatukukitafuta, yeye akijiweka ndani, wakati mimi ndiye niliyekuwa najua. Nusu ya kibonge chake nilikila mimi. Kwa jambo hilo nimemwomba Mungu msamaha mara nyingi, na ninaamini amenisamehe, lakini wale watoto wanne sijui kama wangenisamehe wakijua, na leo ndiyo mara ya kwanza nalisema kwa sauti.

Basi nikameza vidonge. Yule mzee alinionya nisivimeze na chai, na alinionya kwamba choo kitakuwa cheusi nisidhani ni damu inatoka. Bila onyo lile ningevitupa chooni siku ya tatu. Vilinichafua tumbo, vikanifunga choo, nikavimeza hivyo hivyo. Siku ya kumi na kitu nikiwa nimesharudi nyumbani, mkwe wangu alikuwa kisimani, niko jikoni peke yangu, nikaondoa ungo. Nikabandua kipande, nikaweka mdomoni. Nikakitema. Kilikuwa udongo tu, ndugu zangu. Kinakwaruza, kina ladha ya moshi na ukuta. Nilisimama pale nikashindwa kuelewa kwamba kitu hiki ndicho kilichonivunjia jina, kikanitenga na mwanangu, kikaninyamazisha mbele ya daktari. Nikakaa chini nikalia tena, safari hii kwa ajili ya mwenzangu, maana yeye hakupewa nafasi ya kukitema.

Wiki ya nne karatasi ilionyesha rangi ya nne. Miezi mitatu baadaye, ya sita. Haijapanda zaidi ya hapo mpaka leo, na yule mzee aliniambia hiyo iliyobaki ndiyo sehemu ya figo. Figo zangu hazijapona. Sikusimama hapa kuwaambia nimepona. Miaka hii yote nimekuwa navimba na kunywea, na daktari wa sasa ananitazama kwa macho ninayoyajua. Lakini nimepanda kutoka kisimani bila kupumzika, nimewashika wajukuu zangu watatu, na nina pumzi ya kusimama mbele yenu na kusema. Hiyo ndiyo sehemu ya chuma.

Mwanangu alikula chakula changu siku nilipotoka hospitali. Alikula tu, akaomba kuongezewa. Yule mzee wa kanisa naye alikuja. Safari hii alikaa. Aliniomba nirudi mbele, nami nikamjibu nitabaki mlangoni, kwanza kuna upepo. Sikumkasirikia, ila sikutaka kumrahisishia. Mnisamehe, ndivyo nilivyo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mzee wa maabara, ambaye alistaafu na sasa anafuga nyuki, kwa kufunga mlango kabla hajauliza. Namshukuru mwanangu kwa baiskeli yake. Na namshukuru mkwe wangu, anajijua alipokaa, aliyebeba kiberiti changu bila kukunja uso na aliyenipikia mboga za majani kila siku mpaka nikazichukia. Mwaka juzi alichanganya udongo, akaja na ndoo, akaniambia, "Mama, leo tulizibe tundu."

Nikamwambia aache. Akashangaa. Sasa ameacha kushangaa, kwa sababu ameona kazi ya lile tundu.

Mwanamke akija jikoni kwangu, awe anaazima moto au anakuja kupiga soga, na nikimwona macho yamevimba asubuhi au viganja vimepauka, simuulizi kitu. Namwambia anisaidie kutungua ungo. Akiuondoa anaona tundu. Wengi wanacheka, wanasema panya wa kwako, mama, ana meno ya chuma. Hao nacheka nao, tunakunywa uji. Lakini yupo ambaye hacheki. Anatazama tundu, koo lake linapanda na kushuka, anameza mate. Huyo hana haja ya kuniambia lolote. Hajasema ndiyo, hajasema hapana, wala hakuna mume wala mtoto anayesikiliza. Nimeshawapeleka hospitali wanawake watano. Wawili kati yao walikuwa na figo kama mimi, na mmoja wa hao yumo humu, anaimba kwaya.

Sasa nisikilizeni mara ya mwisho, halafu mchungaji achukue muda wake uliobaki. Alhamisi iliyopita mmoja wenu alikuja kuazima ungo wangu. Anahudhuria kliniki ya figo, tunakutana kule. Aliutungua mwenyewe, nikamwona anavyolitazama tundu, nikamwona anavyomeza. Akaondoka haraka mpaka akausahau ungo. Simtazami sasa hivi, natazama dirisha, na ninyi nanyi tazameni dirisha.

Mwenzangu, kesho kliniki iko wazi. Jua likichomoza nitakuwa njia panda pale chini ya kisima, nimebeba ungo mkononi. Watu watadhani unanisindikiza kwenda kupepeta. Njoo. Safari ile ya kwanza nilitazama dari.